Saa Nne ya Kwetu, Saa Nne ya Melini

Ninyi vijana mliokuja kwangu wiki mbili zilizopita, mkavua viatu mlangoni na kunipa shikamoo kwa zamu kama watoto wa shule, mliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukijua meli iko wapi kwa kupima jua la adhuhuri. Mmoja wenu alisema chuoni mnafundishwa harakaharaka kwa ajili ya mtihani, kisha sekstanti inarudishwa kabatini na kufuli linafungwa. Nimekubali kuandika, lakini msitegemee kumsikia mzee anayejigamba. Kazi hii niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika mkononi, na leo nikiitazama sioni ilichonifaa siku niliyoihitaji kuliko siku zote.

Niseme mapema ili msisome huku mkijiuliza. Mwanangu Hoza alikuwa afisa wa pili kwenye meli ndogo ya mizigo. Ilipotea njiani kwenda Komoro ikiwa na saruji, na yeye akiwamo. Meli haikuonekana, watu hawakuonekana. Mama yake ananiuliza swali moja tu, kwamba mtoto yuko wapi. Swali hilo nililijibu kila siku iendayo kwa Mungu kwa miaka yangu yote ya baharini, kwa meli za mkonge, za mbolea na za ng'ombe waliokuwa wakitapika kuliko mabaharia. Kwa mwanangu sina jibu. Nilikuwa na nukta mbili kwenye ramani, na mama yake alitaka moja.

Haya, tuje kwenye jua.

Sekstanti ni chombo cha kupimia pembe. Kishikeni kwenye mpini, kwa mkono wa kulia, na msiliguse tao lake kwa vidole vyenye mafuta ya sambusa. Wekeni vioo vyeusi kabla ya kulitazama jua. Nilimwona mwenzangu mmoja akisahau vioo hivyo, akabaki siku nzima anaona duara la kijani kila anapotazama, hata kwenye sahani yake ya wali. Ukishaliona jua kwenye kioo, lishushe taratibu mpaka ukingo wake wa chini uguse mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Halafu kitikise chombo kidogo, kulia na kushoto, utaliona jua linabembea kama mtoto kwenye bembea. Pale linapofika chini kabisa ndipo pa kupima.

Anzeni kabla ya wakati. Jua linapanda, nawe unalifuata kwa skrubu, kidogo kidogo. Baadaye linaanza kuchoka. Kisha linasimama. Hapo mkono utulie kabisa, maana wengi huharibu hapa kwa pupa. Ukiona sasa linazama chini ya mstari, limeshapinduka. Soma ile pembe kubwa uliyoipata. Itoe kwenye tisini, kilichobaki ni umbali wa jua kutoka utosini mwako. Fungua majedwali ya siku ile uone jua lenyewe liko kaskazini au kusini ya ikweta kwa kiasi gani, ujumlishe au utoe, na masahihisho madogo mtakayoyakuta kwenye majedwali hayohayo. Umepata latitudo. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la saba anaiweza. Kazi ni mikono na macho.

Mimi nilijua jua linapinduka kabla sijaiona bahari. Mwalimu wangu wa madrasa, huku juu Lushoto, njia ya kwenda Gare, alikuwa na kijiti alichokichomeka uani. Kivuli kikiisha kupungua na kuanza kurefuka kuelekea upande wa pili, alitutuma tukachukue udhu. Na mama yangu mzazi, ambaye hakujua kusoma, alisalimia watu kwa lugha yetu ya nyumbani, "onga makeo" asubuhi, na jua likipinduka akabadilisha, "onga mshi". Sikumbuki akikosea. Kwa hiyo nilipofika melini na kuambiwa kwamba adhuhuri ni elimu ya wazungu, nilinyamaza kwa adabu.

Aliyenifundisha kazi hasa ni chifu afisa wetu, msaidizi mkuu wa nahodha, Mpemba, Mzee Faki. Alikuwa mfupi, sauti nene, mkali kuhusu penseli. Penseli isiyochongwa vizuri aliitupa baharini bila kuuliza ni ya nani. Na bikari, ile ya miguu miwili tunayopimia umbali kwenye ramani, alitaka uishike kama unayegusa ngozi ya mtoto mchanga. "Usiichome ramani," aliniambia. "Penseli inafutika. Tundu halifutiki." Ukimchomea ramani yake alikuwa hakusemeshi mpaka kesho yake.

Badala ya yale maneno ya Kiingereza tuliyofundishwa kuyatamka, Mzee Faki akiwa na chombo jichoni alisema neno moja tu: "Limepinduka." Serahangi wetu, mkuu wa mabaharia wa sitaha, alikuwa akingoja neno hilo chini ya ngazi na birika la udhu. Likisemwa, wanakwenda kuswali, kisha chakula. Meli nzima tumbo lake lilining'inia kwenye jicho la Mzee Faki. Siku moja mawingu yalifunga, chombo kikawa hakina kazi, sisi tumesimama tu tunatazama juu. Serahangi akapanda akiwa amekunja uso.

"Afisa, jua lako leo halipinduki? Wali unapoa."

Mzee Faki akarudisha sekstanti kwenye sanduku lake. "Limepinduka zamani," akasema. "Sisi ndio hatukuliona."

Tulicheka wakati ule. Siku hizi neno hilo linanirudia nikiwa napalilia karoti, na sicheki.

Siku isiyo na jua kazi inakuwa kukisia. Unachukua mahali pa mwisho ulipopajua kwa hakika, unachora mwelekeo wa meli, unapima mwendo kwa saa zilizopita, unaweka nukta. Mzee Faki alinifundisha kuizungushia nukta hiyo duara dogo, na kila saa inayopita kulipanua kichwani. Saa chache tu, na duara lako linameza kisiwa. Hiyo ndiyo sababu tuliliheshimu jua la adhuhuri. Lilikuwa linalifuta duara, na unaanza upya ukiwa na nukta safi. Ninyi mna GPS inayowafutia duara kila mnapopepesa macho, kwa hiyo hamjui uzito wake. Nami nawaombea msiujue.

Sasa nije kwenye kosa, maana mlisema mnataka makosa.

Siku yangu ya kwanza kusaidia upimaji, Mzee Faki alinipanga kwenye saa. Yeye anapima, mimi nasoma saa pale anaposema limepinduka. Latitudo unaipata kwa pembe, lakini longitudo inatokana na wakati, kwa hiyo mtu wa saa naye ana kazi. Aliposema neno lake nikatazama uso wa saa, nikatamka kwa sauti, "Saa sita na dakika ishirini," kama ambavyo mtoto yeyote wa Lushoto angetamka. Kisha nikaandika nilichokitamka. Sita na ishirini. Nikafanya hesabu kwa bidii zote, nikachongoa penseli, nikaweka nukta. Mzee Faki akaitazama kwa muda mrefu.

"Tuko wapi?" akauliza.

"Hapo, afisa."

"Hapo ni visiwa vya Indonesia, bwana mdogo. Asubuhi tulikuwa Tanga."

Alinipigia kelele kidogo, halafu akaketi akanieleza kwa upole ambao sikuutegemea. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze. Dunia ya meli inahesabu tangu usiku wa manane. Kati yetu na wao kuna saa sita, na saa sita ni robo ya dunia. "Saa za Kiswahili ziache bandarini," akasema. "Utazikuta ukirudi." Wiki iliyofuata nilipewa chombo nipime mwenyewe, nikakosea tena, safari hii dakika tano tu kwa sababu jua lilikuwa limesimama na mimi nikadhani bado linapanda, hesabu ikaiweka meli Mombo, nchi kavu, chini ya milima yetu. Akaniuliza kama tushuke tununue vitunguu. Jina la Mombo likanikaa mpaka nilipohama meli ile.

Basi mimi nikawa mtu wa saa za melini. Nikizirudisha nyumbani zinaleta vurugu, mke wangu ananiambia niende zangu na saa zangu. Hoza alipochaguliwa chuo cha ubaharia nilimfundisha jambo hilo kabla ya jingine lolote. Kila akija likizo nilikuwa namuuliza saa ngapi, akijibu ya Kiswahili namwambia, umetupeleka Indonesia. Akawa hodari. Alizoea kiasi kwamba siku moja, amefika kutoka safari ndefu, usingizi umemlemea, akamwambia mama yake, "Mama, kesho niamshe saa kumi na mbili." Mama yake akamwamshia alfajiri, chai imechemka, viazi vitamu vimeiva, ukungu bado uko mlangoni. Kumbe mtoto alimaanisha saa sita mchana.

"Si ulisema kumi na mbili?"

"Ya melini, mama."

"Nyumba hii umeona ina usukani?"

Hoza akashika masikio yake mawili kama tulivyokuwa tunafanyishwa shuleni. "Nimekoma, mama. Nikiongea na wewe, saa ni za kwetu. Nakuahidi." Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ahadi hiyo ishikeni, maana hadithi yote iliyobaki inaning'inia hapo.

Siku ya simu mimi nilikuwa shambani. Mama yake alikuwa barazani anachambua maharage. Jua lilikuwa limeanza kwenda magharibi, Hoza akapiga. Walikuwa wanashuka kandokando ya pwani, simu inashika kwa kubahatisha. Alimuuliza mama yake habari za mgongo, akauliza mapeasi yameiva au bado. Mama yake akamuuliza atapiga tena lini. Akajibu: "Kesho saa nne tunaiacha pwani, tunakata kwenda Komoro. Baada ya hapo simu haitashika mpaka tufike." Mtandao ukakata. Nilipopanda kutoka shambani nikaambiwa mtoto anasalimia, nikanawa mikono, tukala.

Meli hutoa ripoti ya mahali ilipo kila adhuhuri. Kesho yake ripoti haikufika. Bahari ilikuwa imechafuka tangu asubuhi, na kama wenye meli walishtuka mapema au walichelewa, mimi sijui, na nimeacha kuuliza. Ninachojua ni kwamba siku iliyofuata nilipigiwa simu na kijana wa ofisi inayosimamia utafutaji. Alikuwa na heshima. Alisema mitambo ya mawasiliano ya meli ile ilikuwa kimya tangu jioni ya ile simu, hakuna anayejua iligeuka wakati gani, na wamesikia mtu wa mwisho kuongea na watu wa melini ni mama wa afisa wa pili, na kwamba aliambiwa wataiacha pwani saa nne.

"Mzee, shikamoo. Naambiwa na wewe ni baharia."

"Marahaba. Nilikuwa."

"Ndege tunayo moja, na mafuta ya kwenda upande mmoja kabla giza halijaingia. Hiyo saa nne aliyosema kijana, ni ya kwetu au ya melini?"

Mnaelewa alichouliza. Kama ni saa nne ya melini, waligeuka alfajiri, na kufika adhuhuri wako mbali sana nje, bahari kuu. Kama ni saa nne ya kwetu, waligeuka jua likiwa limeshapanda, na adhuhuri iliwakuta bado karibu na pwani. Ile tofauti ya saa sita, kwa mwendo wa chombo kizito kama kile, ni karibu maili hamsini za baharini. Ramani nilikuwa nimeshaitandika mezani tangu asubuhi. Nilikuwa nimekisia mara mbili na kuweka nukta mbili, na mkono ulikuwa mzito.

Nikamshikisha simu mke wangu kwanza, kisha nikaiondoa, nikamuuliza mwenyewe. "Mama Hoza, alisema asubuhi au alfajiri?"

"Alisema saa nne."

"Saa nne ipi?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemficha mtoto. "Saa nne ni saa nne. Alikuwa anaongea na mimi, hakuwa anaongea na wewe. Na aliniahidi."

Nikamwambia yule kijana, ya kwetu.

Ndege ikaenda upande wa pwani, ikazunguka, haikuona kitu. Siku iliyofuata upepo ulikuwa mkali, haikuruka. Baadaye walikwenda mpaka nje, wakazunguka huko nako, maji matupu. Majuma kadhaa yakapita, boya lenye jina la meli likaokotwa ufukweni, mbali kaskazini. Nikakaa na habari hiyo usiku na mchana, nikahesabu mkondo wa bahari unavyokwenda. Kutoka nukta ya pwani lingeweza kufika pale. Kutoka nukta ya nje, nako lingeweza kufika palepale. Nilirudia hesabu mpaka penseli ikaisha. Hesabu ilikuwa sahihi kila mara, na haikunisaidia lolote.

Mtasema, mzee, si una chombo, si una ujuzi? Chombo ninacho. Kiko juu ya kabati, nilikinunua kwa mkono wangu na hakijawahi kudondoka. Lakini huku kwetu milimani hakuna mstari wa bahari. Ukiliteremsha jua linaangukia kwenye migomba ya jirani. Nilipostaafu nilikwenda nacho hadi ukingoni mwa mlima, pale unapoiona Mazinde iko chini miguuni mwako na tambarare inakwenda mpaka inageuka moshi. Nikapima kutoka kule juu kwa kutumia tambarare kama bahari. Hesabu ikaniweka porini Handeni. Nikajaribu njia ya pili ya wakongwe: unatia oili chafu kwenye karai, unaliacha litulie, unapima pembe kati ya jua la juu na jua la ndani ya karai, unagawa kwa mbili. Hiyo ni njia nzuri sana, ijueni. Ila huku kwetu jua liko juu mno, pembe ikizidishwa mara mbili chombo hakiifikii, isipokuwa katikati ya kipupwe, na kipupwe cha Lushoto ni ukungu mtupu. Nikashinda uani nimeinamia karai nikingoja wingu lipasuke. Mke wangu alitoka, hiyo ilikuwa kabla ya msiba, akaniuliza natafuta nini.

"Natafuta nilipo."

"Uko Lushoto, Baba Hoza. Mimi nakuona. Na karai langu nalitaka."

Baba Hoza. Huku kwetu ukishazaa, jina lako la utotoni linabaki kwenye vyeti. Mimi ni Baba Hoza sokoni, msikitini, kwa daktari. Kila anayeniita anamtaja yeye kwanza. Mtu akiniita kutoka ng'ambo ya bonde nasikia jina la mtoto likigonga mlima na kurudi, na mwenye jina hajulikani alipo. Nimewahi kutamani waniite jina lingine. Lingine hakuna anayelijua.

Shehe wetu alikuja na wazee wawili kutushauri kuhusu swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa marehemu ambaye mwili wake haupo. Alizungumza vizuri, taratibu, akasema swala hiyo haihitaji kujua mahali, kwa Mungu hakuna kilichopotea. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho akiwa nyuma ya pazia.

"Shehe, haihitaji mahali," akasema. "Mimi ndiye ninayehitaji. Baba yake akinipa mahali, mwiteni nani na nani, mswali."

Wakanitazama mimi. Nikatazama mkeka.

Hivi ndivyo tulivyoishi tangu wakati huo. Jua likipinduka anatandika mswala, na kabla hajaswali anauliza, "Umeona chochote kwenye ramani yako?" Hakuwahi kuja kuitazama. Nami nilijibu bado. Kuna aibu ya aina yake, wanangu, mtu kukaa nyumbani na ramani, majedwali, saa iliyorekebishwa vizuri na chombo kisichokosea, halafu mkewe anamuuliza swali la kazi yake na yeye anajibu bado. Sikuwahi kumjibu nahodha hivyo.

Wiki iliyopita, siku chache baada ya ninyi kuondoka, nilichoka. Baharini tulikatazwa kabisa kuandika mahali ambapo hukupapima kana kwamba ulipapima. Nikachukua kifutio nikaifuta nukta ya nje, ile ya saa nne ya melini, na mistari yake yote. Nikapuliza vumbi. Ikabaki nukta moja, ya karibu na pwani, ya mtoto aliyetimiza ahadi yake. Nikamwita mama yake.

Alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Nikamwonyesha. Hii ndiyo pwani, hapa ndipo alipokupigia simu, hapa waligeuka saa nne ya kwetu, na hapa ndipo alipo. Aliweka kidole juu ya nukta akakiacha hapo. Hakulia. Alisema, "Si mbali sana." Nikasema si mbali. Niliona mabega yake yakishuka, nikajiambia, basi, leo shehe ataitwa.

Kisha kidole chake kikaanza kutembea juu ya karatasi, kuelekea nje, kama mtu anayefuta makombo mezani. Kikasimama. Ana vidole vya kuchambua maharage, jiwe dogo haliwezi kumpita. Alikuwa amelikuta tundu la bikari.

"Na hapa pana nini?"

"Karatasi imezeeka."

Hakuondoa kidole. Nje kuku walikuwa wanapekua.

"Baba Hoza," akasema, "asubuhi ile waliyoiacha pwani nilimpigia. Saa mbili, hizi za kwetu. Nilitaka kumwambia mapeasi yameanza kuiva. Hakupatikana."

Saa mbili ya kwetu. Kama angekuwa hajaiacha pwani, simu ilitakiwa kuita. Alilijua hilo wakati yule kijana wa ofisi ananingoja kwenye laini, akalijua shehe alipokuja, akalijua kila adhuhuri aliyoniuliza kama nimeona chochote. Nikamwambia minara ya simu kule kusini ni michache, mtandao unakuja na kuondoka, inawezekana kabisa walikuwa pwani na simu haishiki. Na kweli ni michache. Yeye akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuswali, na ramani nimeiacha palepale mezani na nukta yake moja na tundu lake moja. Shehe hatujamwita.

Sina la kuwausia kuhusu sekstanti ambalo kitabu hakina. Chongeni penseli. Msichome ramani. Lakini mkiwa melini mkimpigia mama simu, msimtajie saa. Mwambieni jua litakuwa wapi. Mwambieni, mama, tutaiacha pwani kabla jua halijachomoza, au mwambieni, tutaiacha jua likiwa limefika juu ya paa la jiko lako. Atawaelewa, na akiulizwa atajua la kujibu.